Mabao 28 ya Saa Saba Mchana

Japani imetutangulia kwa saa sita. Mechi inayoanza kule saa moja jioni, taa za uwanja zikiwa zimewashwa, hutufikia sisi wa Mombasa saa saba mchana, adhana ya adhuhuri ikiwa imekwisha na sufuria za chakula cha mchana zikianza kuteremshwa jikoni. Mwaka 2020 nilizoea saa hiyo kama mtu anavyozoea saa ya dawa. Nilikuwa nikikaa kwenye kibaraza cha mjomba wangu Kisauni, simu tumeiegemeza kwenye birika la chai, tukifuatilia ligi ya nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuikanyaga, kwa sababu moja tu iliyokuwa na urefu wa sentimita 193 na mguu wa kushoto.

Sababu hiyo ilikuwa Michael Olunga, na klabu yake ilikuwa Kashiwa Reysol.

Hali yenyewe iliyotuweka kibarazani inajulikana na kila aliyeishi Kenya mwaka ule. Shule zilifungwa katikati ya Machi. Mimi ni mwalimu, na wakati huo nilikuwa nikifundisha darasa la sita katika shule ya binafsi ambayo, baada ya miezi miwili ya kutulipa nusu, iliacha kutulipa kabisa. Usafiri wa kutoka na kuingia Mombasa ulizuiwa tangu Aprili hadi mwanzoni mwa Julai. Usiku kulikuwa na kafyu. Tarehe 30 Aprili ligi yetu ilifutwa kabla ya kufika mwisho na Gor Mahia wakatangazwa mabingwa, jambo lililomuudhi mjomba, ambaye alifanya kazi bandarini miaka mingi na moyo wake wote uko kwa Bandari FC. Kwa hiyo ligi za dunia ziliporejea moja moja, tulizipokea zote kwa njaa, lakini ile ya Japani ndiyo iliyotushika hadi Desemba.

Mjomba alikuwa na msimamo wake tangu mwanzo. Kwake yeye, mchezaji anayekwenda Asia amekwenda kuchukua kiinua mgongo. "Mpwa wangu," aliniambia siku moja ya Julai, "huyo kijana ni hodari, hilo silikatai, lakini huko anafunga kwa sababu hakuna anayemzuia." Niliandika jibu langu kichwani kwa miezi sita, na makala hii ndiyo jibu lenyewe. Nataka kueleza kwa nini, katika msimu ambao timu moja iliwaacha wengine wote mbali kwa namna ambayo ligi hiyo haikuwa imeiona, ilikuwa haki kabisa mchezaji bora wa mwaka atoke katika timu iliyomaliza nafasi ya saba.

Wengi wetu tunamkumbuka Olunga kwa ule usiku wa Juni 2019 mjini Cairo, Kombe la Mataifa ya Afrika, Kenya ilipoifunga Tanzania 3–2 na yeye akafunga mabao mawili; wenzetu wa upande wa pili wa mpaka nao bila shaka wanamkumbuka, ingawa kwa hisia nyingine. Lakini safari yake ilianza mbali kidogo na hapo. Amezaliwa Nairobi mwaka 1994, akapita Tusker na Thika United, kisha mwaka 2015 akaivalia Gor Mahia iliyotwaa ubingwa bila kupoteza hata mechi moja, akiifungia mabao 19. Muda wote huo alikuwa akisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, na ndiyo maana mashabiki wengi humwita Injinia. Baada ya hapo alikwenda Djurgården ya Sweden, akahamia China kwa Guizhou, akaazimwa kwa Girona ya Uhispania, ambako Januari 2018 aliifunga Las Palmas mabao matatu katika mechi moja, halafu mwezi Agosti mwaka huo akatua Kashiwa.

Alipofika, klabu ilikuwa inazama. Kashiwa ni mji wa mkoa wa Chiba, kaskazini-mashariki ya Tokyo, na timu yake ya jezi za manjano imebeba jina lililoungwa kutokana na maneno ya Kihispania ya mfalme na jua. Mwaka 2018 jua hilo lilitua: timu ilimaliza nafasi ya 17 na kushushwa daraja. Mchezaji mwingine wa kigeni angeweza kuomba kuondoka, na hakuna ambaye angemlaumu. Olunga alibaki, akacheza mwaka mzima wa 2019 katika daraja la pili, akafunga mabao 27, na katika siku ya mwisho ya msimu huo, tarehe 24 Novemba, Kashiwa ikiwa tayari imeshapata tiketi ya kurudi ligi kuu, aliifunga Kyoto Sanga mabao manane peke yake. Matokeo yalikuwa 13–1. Nilipoyaona mara ya kwanza nilidhani ni kosa la uchapaji. Hakuna mchezaji aliyewahi kufunga mabao mengi kiasi hicho katika mechi moja ya ligi za kulipwa za Japani.

Kocha wake alikuwa Nelsinho Baptista, Mbrazili mwenye umri wa kuitwa babu, na kwa watu wa Kashiwa jina hilo lina uzito wa pekee. Mwaka 2010 aliipandisha timu hiyo hiyo kutoka daraja la pili, na mwaka uliofuata, 2011, akaifanya kuwa bingwa wa Japani moja kwa moja. Hakuna klabu iliyokuwa imefanya hivyo kabla yake katika ligi ile. Basi mwaka 2020 ulipoanza, Kashiwa ikiwa imepanda tena chini ya mzee yule yule, watu walikuwa na haki ya kuota.

Ligi ilifunguliwa Ijumaa, tarehe 21 Februari. Kesho yake Kashiwa iliikaribisha Consadole Sapporo na kuifunga 4–2, Olunga akitia mawili. Kisha kila kitu kikasimama. Tarehe 25 Februari viongozi wa ligi walitangaza kuzisimamisha mechi zote kwa sababu ya virusi vya korona, wiki kadhaa kabla ya ligi kubwa za Ulaya kufanya hivyo, na zaidi ya majuma mawili kabla ya Kenya kutangaza mgonjwa wake wa kwanza. Ninakumbuka nilivyoisoma habari ile nikiwa kwenye chumba cha walimu na kuipita haraka kama jambo la mbali, la watu wengine.

Mechi za ligi kuu zilirejea tarehe 4 Julai, viwanjani bila mtazamaji hata mmoja, na kwa masharti ambayo yaliubadilisha msimu wenyewe. Kwanza, iliamuliwa kwamba hakuna timu itakayoshushwa daraja mwaka huo. Deni hilo lingelipwa mwaka 2021 kwa kushusha timu nne. Pili, kila kocha aliruhusiwa kubadilisha wachezaji watano badala ya watatu. Tatu, mfumo wa video wa kumsaidia mwamuzi, ambao ulikuwa umeanza kutumika mwaka huo huo, uliwekwa kando baada ya raundi moja tu ili kupunguza watu wanaokaa pamoja kwenye chumba kimoja. Na raundi 33 zilizosalia zilibidi ziingizwe kati ya Julai na Desemba, Jumatano na Jumamosi, katika joto la kiangazi cha Japani ambalo mtu wa Mombasa angelitambua: la unyevu, lisilopungua hata jua likizama.

Kutoka tarehe 10 Julai watazamaji walianza kuruhusiwa, wasiozidi 5,000, wakikaa mbali mbali, wakiwa na barakoa, na wakikatazwa kuimba au kupiga kelele. Walichoachiwa ni makofi tu. Hili nataka kulikalia kidogo, maana ndilo lililonifanya niipende ligi ile kuliko mabao yenyewe. Bao likiingia, badala ya ule mvumo tuliouzoea, ulikuwa unasikia makofi yakianza upande mmoja na kuenea polepole kama mvua inayokuja juu ya paa za mabati, na hakuna sauti ya mtu. Maelfu ya watu waliokuwa wamengoja tangu Februari, wanaona timu yao inafunga, na wanafunga vinywa vyao kwa sababu wameombwa wafanye hivyo kwa ajili ya jirani aliyekaa viti vitatu kutoka kwao. Uwanja wa Kashiwa ni mdogo, unachukua watu kama elfu kumi na tano, na viti viko karibu sana na mstari, kwa hiyo sauti pekee ulizozisikia wazi zilikuwa za wachezaji: kipa Kim Seung-gyu, Mkorea, akiwapanga mabeki wake, na kishindo cha mpira kila Olunga alipoupiga. Mjomba alikuwa akisema kwamba mpira bila kelele ni kama harusi bila ngoma. Mimi niliona kinyume, na bado ninaona hivyo.

Kashiwa haikurudi vizuri. Mechi za mwanzo wa Julai ziliwalemea, na mjomba akapata nafasi ya kunikumbusha maneno yake. Lakini mwezi haukwisha kabla hawajaifunga Urawa Reds, klabu kubwa yenye mashabiki wengi kuliko wote nchini humo, mabao 4–0, na kuanzia hapo picha ya namna walivyotaka kucheza ikawa wazi.

Nelsinho hakujaribu kumiliki mpira dhidi ya kila mtu. Timu ilirudi nyuma, ikajipanga karibu karibu, ikangoja mpinzani apeleke watu mbele, kisha mpira ukinaswa ulimtafuta Ataru Esaka. Esaka alikuwa kiungo wa aina ambayo haiandikwi sana kwenye vichwa vya habari: hana kasi ya kutisha, hana mbwembwe, lakini anageuka na mpira kabla hujajua ameupokea, na jicho lake tayari limeona nafasi iliyo nyuma ya mabeki. Olunga alikuwa anaanza mbio zake kabla ya Esaka kuinua kichwa. Ukitazama mabao yale kwa mfuatano, kama nilivyofanya mara nyingi, bando ikiniruhusu, utaona kwamba pasi na mbio zinaanza kwa wakati mmoja, jambo ambalo haliji ila kwa watu waliofanya kazi pamoja hadi wakaacha kuhitaji ishara.

Na hapa ndipo hoja ya mjomba kwamba "hakuna anayemzuia" ilipokuwa ikianguka mbele ya macho yetu. Walimzuia. Walimwekea mabeki wawili, wengine wakamweka kiungo mmoja mbele yake ili pasi zisimfikie, wengine wakamvuta jezi kutoka dakika ya kwanza hadi ya mwisho. Alichokuwa nacho ni hatua ndefu inayomdanganya beki: anaonekana kama hakimbii sana, kumbe kila hatua yake ni hatua moja na nusu ya mwenzake. Akishapita bega la beki, hakuna wa kumrudisha. Alifunga kwa kichwa, alifunga kwa mguu wa kushoto kutoka nje ya eneo la hatari, alifunga kwa mguu wa kulia ambao tangu siku zake za Gor Mahia tulikuwa tukiambiwa ni wa kupandia gari tu. Kufikia Oktoba swali halikuwa tena kama atakuwa mfungaji bora. Swali lilikuwa ataishia ngapi.

Wakati huo huo, upande wa pili wa Tokyo, kulikuwa na timu iliyokuwa ikicheza mpira wa kiwango kingine, na sitaki kuandika kama shabiki anayeficha sifa za mpinzani. Kawasaki Frontale ya mwaka 2020 ni mojawapo ya timu nzuri kuliko zote nilizowahi kuzitazama popote.

Kawasaki ni mji uliobanwa kati ya Tokyo na Yokohama, kando ya mto Tama. Kocha wao, Toru Oniki, alikuwa ameshatwaa ubingwa mara mbili, 2017 na 2018, na mwaka 2020 aliibadilisha timu iwe na washambuliaji watatu na viungo watatu, akaitumia ruhusa ya wachezaji watano wa akiba kuliko mtu yeyote katika ligi. Timu nyingine ziliichukua ruhusa ile kama njia ya kupumzisha miguu. Oniki aliifanya kuwa silaha: ulipokuwa umechoka kumkimbiza Leandro Damião kwa saa nzima, aliingia Yu Kobayashi, ambaye alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2017, na ulipodhani umemweza winga wa kushoto, aliingia Kaoru Mitoma, kijana aliyetoka Chuo Kikuu cha Tsukuba mwaka huo huo, ambaye alimaliza msimu wake wa kwanza wa kulipwa akiwa na mabao 13. Nilimwambia mjomba wakati ule kwamba kijana huyu ataonekana Ulaya. Sikuhitaji utabiri wowote kusema hivyo. Ilitosha kumwona anavyosimama mbele ya beki, anamngoja, na kumpita upande ule ule ambao beki alikuwa ameshaufunga.

Walishinda mechi kumi mfululizo, Nagoya Grampus wakawakatiza mwezi Agosti kwa bao 1–0. Walianza upya, wakashinda kumi na mbili mfululizo, rekodi ya ligi. Ya kumi na mbili ilikuwa tarehe 31 Oktoba dhidi ya FC Tokyo, na siku ile ilikuwa ya Kengo Nakamura.

Nakamura alijiunga na Kawasaki mwaka 2003, timu ikiwa daraja la pili, na hakuwahi kuchezea klabu nyingine yoyote. Mwishoni mwa 2019 alichanika mshipa wa goti, jeraha ambalo kwa mtu wa miaka 39 kwa kawaida ndilo kwaheri. Alirudi tarehe 29 Agosti 2020, akaingia kama mchezaji wa akiba dhidi ya Shimizu S-Pulse, akafunga. Kisha ikaja siku hiyo ya Oktoba, siku aliyotimiza miaka 40, akafunga bao la ushindi, 2–1. Kesho yake aliwaita waandishi wa habari na kutangaza kwamba anastaafu msimu ukiisha. Mjomba, aliyestaafu bandarini bila sherehe yoyote ya maana, aliitazama video ya bao lile mara tatu, hakusema kitu, kisha akaingia ndani kusali alasiri.

Ubingwa ulithibitishwa tarehe 25 Novemba kwa kuifunga Gamba Osaka, ambao ndio waliokuwa wa pili, mabao 5–0, Akihiro Ienaga akifunga matatu. Mechi nne zilikuwa zimebaki. Walimaliza na pointi 83, wameshinda mechi 26, wamefunga mabao 88 na kufungwa 31, na Gamba wakiwa pointi 18 nyuma yao. Kengo Nakamura aliagwa akiwa bingwa.

Kashiwa yenyewe Novemba ilikuwa na mtihani wa aina nyingine. Mwanzoni mwa mwezi virusi viliingia kambini. Nelsinho mwenyewe alipatikana navyo, wachezaji na wafanyakazi kadhaa pia, mechi yao dhidi ya Vegalta Sendai ikaahirishwa, na fainali ya Kombe la Levain, kombe la klabu za ligi ile, ambayo ilikuwa ichezwe tarehe 7 Novemba dhidi ya FC Tokyo, ikasogezwa hadi tarehe 4 Januari. Mwezi Agosti Sagan Tosu walikuwa wamepitia hayo hayo, kocha wao akiwa miongoni mwa wagonjwa. Siku zile sikuwa na hamu ya kuhesabu mabao. Nilikuwa nikifungua simu asubuhi kuangalia kama jina la Olunga limo kwenye orodha, kama tulivyokuwa tukifanya na majina ya watu wetu.

Timu ilirudi uwanjani, ratiba ikiwa imebana zaidi, na ilimaliza nafasi ya saba kwa pointi 52. Mechi ya mwisho, tarehe 19 Desemba, ratiba iliwaletea Kawasaki nyumbani, na mabingwa wakashinda 3–2 katika mechi ambayo hakuna upande uliokuwa na haja ya pointi na bado kila mmoja alicheza kama ana haja nazo. Mfungaji bora alikuwa Olunga, mabao 28 katika mechi 32. Aliyemfuata, Everaldo wa Kashima Antlers, alikuwa na 18. Mwaka uliotangulia, 2019, mabao 15 yalitosha kumpa mtu tuzo hiyo, na hakuna aliyekuwa amefika 28 tangu Araújo wa Gamba Osaka alipofunga 33 mwaka 2005. Mwafrika mwingine aliyewahi kuongoza kwa mabao katika ligi hiyo ni Patrick Mboma wa Cameroon, aliyeifungia Gamba 25 mwaka 1997.

Tarehe 22 Desemba tuzo zilitolewa. Kikosi bora cha msimu, ambacho msingi wake ni kura za makocha na wachezaji wa ligi yenyewe, kilikuwa na wachezaji tisa wa Kawasaki kati ya kumi na mmoja: kipa, mabeki wote wanne, na viungo wote wanne. Nafasi mbili za mbele tu ndizo zilizokwenda kwingine, kwa Everaldo na Olunga. Halafu likasomwa jina la mchezaji bora wa mwaka, na likawa la Olunga, Mwafrika wa kwanza kuipata tuzo hiyo tangu ligi ianzishwe mwaka 1993.

Kulikuwa na watu waliouliza, na lilikuwa swali la haki, inawezekanaje timu itoe tisa kati ya kumi na mmoja na bado mchezaji bora atoke kwingine. Kwa kawaida tuzo hiyo huenda kwa bingwa. Jibu langu limo ndani ya swali lenyewe. Ukiniuliza nani alikuwa bora pale Kawasaki, nitataja Ienaga, nitajirekebisha niseme Mitoma, nitamkumbuka Shogo Taniguchi na utulivu wake pale nyuma, kisha nitamtaja Ao Tanaka au Hidemasa Morita, na mwisho nitakubali kwamba mashine ile ingeweza kumtoa mmoja wao na ikaendelea kusaga. Iliwatoa, tena kila wiki, watano kwa watano. Mitoma mwenyewe alianzia benchi mechi nyingi. Hiyo ndiyo sifa yao kubwa kuliko zote, na ndiyo hiyo hiyo iliyofanya iwe vigumu kumpambanua mmoja.

Sasa mtoe Olunga Kashiwa. Timu ilifunga mabao 60 msimu mzima, na 28 yalikuwa yake, karibu nusu. Na hatuhitaji kukisia ingekuwaje bila yeye, kwa sababu mwaka uliofuata hakuwapo. Kashiwa ya 2021, chini ya kocha yule yule, ilimaliza nafasi ya 15, na mabao yake ya msimu mzima hayakufika 40 ingawa ligi ilikuwa imeongezwa hadi mechi 38. Ndiyo, Esaka naye aliondoka katikati ya mwaka huo, na ni haki kulitaja hilo. Lakini pengo la mabao lilikuwa wazi tangu wiki za kwanza.

Kuna jambo moja zaidi ambalo kwangu lina uzito, ingawa halionekani kwenye takwimu. Makocha na wachezaji wa timu nyingine ndio waliokuwa wakimkabili uwanjani. Hao ndio waliomwekea mabeki wawili. Hao ndio waliokaa vyumbani usiku wa kabla ya mechi wakitazama video zake. Tuzo iliyojengwa juu ya maoni yao ni ushahidi wa watu waliojaribu kumzuia na kushindwa, na ushahidi huo unanitosha kuliko hoja zote za watu tuliokuwa tukitazama kupitia simu iliyoegemezwa kwenye birika.

Mjomba alikubali nusu. Alisema, "Haya, anastahili. Lakini sasa nataka nimwone akifanya hivyo penye watu wa kumpigia kelele." Nilimwacha na hilo, kwa sababu ni matakwa mema.

Fainali ile ya Kombe la Levain ilichezwa tarehe 4 Januari 2021, katika Uwanja wa Taifa wa Tokyo, mchana wa kwao, asubuhi ya kwetu. Kila mtu alijua kwamba huenda ikawa mechi ya mwisho ya Olunga akiwa na jezi ya manjano, kwa maana habari za kwenda Qatar zilikuwa zimeshaenea. Nilikuwa nimeingoja kwa miezi miwili. Lakini siku hiyo hiyo ndiyo iliyowekwa na serikali kufungua shule zote nchini, muhula wa pili, baada ya miezi tisa na zaidi. Mpira ulipoanza nilikuwa nimesimama mlangoni mwa darasa la sita nikihesabu barakoa na kuwapima watoto joto, wengine wamerefuka hadi sikuwatambua mara moja. Dawati moja la mbele lilibaki tupu. Familia ilikuwa imehamia bara wakati kazi za hoteli zilipokwisha.

Saa nne na nusu, wakati wa mapumziko, niliwasha simu. FC Tokyo walikuwa wameshinda 2–1, Yusuke Segawa akiwa amelifunga bao pekee la Kashiwa. Siku chache baadaye Olunga alitambulishwa na Al-Duhail ya Doha. Chini ya matokeo yale kulikuwa na ujumbe wa mjomba, aliyeitazama mechi nzima peke yake kibarazani: "Hakufunga, lakini mabeki wote wawili walimkaba yeye. Rudi mapema nikueleze."